Kiatu cha Ukutani, Kiatu cha Mwambani

Ukingo wenyewe ulikuwa mwembamba kama kucha mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Nilikuwa mita kumi na kitu kutoka chini, kwenye jiwe la chokaa lililosimama wima, na mikono yangu ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Shida ilikuwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Kila nilipokiegemea ili ninyooke nifikie kishikio cha juu, nilihisi soli ikikunjika taratibu, ncha ya kiatu ikiinuka, kisigino kikishuka, halafu mpira unachomoka. Nilianguka mara tatu mahali pale pale. Mara ya nne nilibaki nikining'inia, nikamwita dada aliyekuwa amenishikia kamba.

"Dada, mguu haukai."

"Mguu umekaa, mdogo wangu. Kiatu ndicho kinachoondoka."

Alinishusha, akavua viatu vyake, akanipa. Tunavaa namba moja. Vyake vilikuwa vya kufunga kwa kamba, karibu bapa, soli ngumu ambayo ukiikunja kwa mikono miwili inakataa. Nilipanda tena, nikafika kwenye ukingo ule ule, nikasimama. Nilisimama kama mtu aliyesimama kwenye ngazi ya nyumba, nikapata hata nafasi ya kupumua na kutazama juu. Nguvu zangu zilikuwa zile zile za dakika kumi zilizopita.

Viatu vyangu mimi vilikuwa vile vikali, vilivyopinda kuelekea chini kama ukucha wa mwewe, laini kiasi cha kukunjika mara mbili na kuingia mfukoni. Kwenye ukumbi wa mazoezi ya kupanda miamba, penye ukuta wa mbao, vilikuwa vimenipandisha mahali ambapo mwaka mmoja nyuma nisingethubutu. Kwa hiyo nilivipeleka mwambani nikiamini kwamba kiatu kizuri ni kizuri popote. Muuzaji aliniambia hivyo, na maandishi ya kwenye boksi yalisema hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kile kitanda cha jiwe nilikuwa bado sijakilalia.

Tangu siku ile nimevaa jozi nyingi, zangu na za kuazima, na nimefikia msimamo ambao nauandika hapa kwa sababu natamani mtu angeniambia mapema. Unapochagua kiatu, acha kutazama daraja la ugumu wa njia unayoota kuipanda, na usitazame vishikio vya mikono. Tazama mahali miguu yako itakapowekwa. Ukubwa wa kipandio, umbo lake, na mwelekeo wa ukuta unaokizunguka, hayo ndiyo yanayoamua kiatu. Neno "ndani" na neno "nje" ni vivuli tu vya jambo hilo.

Fikiria kinachotokea unaposimama kwa ncha ya kidole kwenye kijukingo cha milimita chache. Mguu wako unageuka mtaimbo. Uzito wa mwili unashuka kupitia kifundo, kisigino kinataka kuanguka, ncha inataka kuinuka na kutoka kwenye jiwe. Kinachozuia ni misuli ya shavu la mguu, misuli midogo iliyomo ndani ya wayo na vidole, na ugumu wa kiatu. Kiatu kigumu kina kipande kilichofichwa kati ya wayo na mpira, cha plastiki au cha ngozi iliyokazwa, kinachobeba sehemu ya mzigo huo. Kiatu laini hakina kipande hicho, au kina kijipande kifupi chini ya vidole tu, na mzigo wote unakuangukia wewe.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: ugumu wa kiatu hauna maana mpaka uujue uzito wa mvaaji. Soli inayokunjika chini ya mtu wa kilo 80 inaweza kuwa ngumu kabisa chini ya mtu wa kilo 50. Rafiki mwembamba anapokuambia kwamba kiatu fulani "kinasimama popote", anasema kweli, kweli yake. Ndiyo maana mtu mwepesi hujikuta akifurahia viatu laini hata kwenye kingo ndogo, na mtu mzito akivivaa hivyo hivyo anamaliza siku mashavu ya miguu yakitetemeka kama cherehani. Nguvu ya vidole vya miguu nayo inaingia kwenye hesabu. Aliyepanda kwa miaka kumi ana miguu inayoweza kukaza kiatu laini kutoka ndani. Anayeanza hana, na hakuna aibu katika hilo, ila asipewe kiatu kinachomdai nguvu asiyokuwa nayo.

Halafu kuna mpira. Mtu akishika kiatu cha kupandia kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba chini hakuna meno, hakuna mistari, ni laini kama kioo cha meza. Hilo halikuwa wazi tangu mwanzo. Wapandaji wa zamani walivaa mabuti yenye misumari. Pierre Allain, Mfaransa aliyepanda uso wa kaskazini wa kilele cha Petit Dru kwenye milima ya Alps mwaka 1935, alikuwa akifanya mazoezi kwenye majabali ya Fontainebleau, karibu na Paris, na kwa ajili ya majabali hayo akabuni kiatu chepesi chenye soli bapa ya mpira. Baadaye vikaja viatu vya EB, vyenye herufi za jina la mtengenezaji wake, Edmond Bourdonneau, navyo vikatawala miguu ya wapandaji kwa miaka mingi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Boreal ya Hispania ikatoa kiatu kilichoitwa Firé, chenye mpira unaonata kuliko wowote uliotangulia. Mpandaji wa Marekani John Bachar alipovipeleka Yosemite, bonde la kuta za graniti huko California, watu walivigombea, kwa sababu ghafla mahali palipokuwa pakiteleza pakawa pa kusimama. Mwaka 1985 Charles Cole akaanzisha kampuni ya viatu ya Five Ten huko Marekani, na mpira wake wa Stealth ukasukuma mambo mbele zaidi.

Nasimulia hayo kwa sababu mpira wa leo bado umegawanyika kwenye njia panda moja ya tangu enzi zile: unate au usimame. Mpira laini huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, hujaza vishimo vidogo visivyoonekana, na hivyo hushika pale ambapo hakuna ukingo wowote, ambapo unabandika wayo tu na kuomba msuguano ukubebe. Mpira mgumu haunati hivyo, lakini ukiwekwa kwenye ukingo mkali haulegei wala haujikunji pembeni. Vibram, kampuni ya Italia inayouza mpira kwa watengenezaji wengi, inaonyesha mgawanyiko huo kwa majina yenyewe: XS Edge kwa ajili ya kingo, XS Grip 2 kwa ajili ya kunata. Ukipindua kiatu na kusoma alama iliyogongwa kwenye soli, umeshajua nusu ya tabia yake kabla hujakivaa. Unene nao una neno. Milimita 4 husimama imara zaidi na kudumu zaidi. Milimita 3.5 au pungufu hukupa hisia, unalijua jiwe kama unalipapasa kwa kidole kitupu. Joto hubadilisha yote hayo. Mpira laini kwenye jiwe lililopigwa na jua la mchana huteleza kwenye ukingo kama siagi, na mpira huo huo asubuhi ya baridi huwa mtiifu.

Sasa ingia ndani ya ukumbi. Kuta za siku hizi hazifanani na jiwe, na hazijaribu tena kufanana nalo. Mtengenezaji wa njia anagongomelea maumbo makubwa ya mbao, pembetatu na mapiramidi yaliyopakwa rangi yenye mchanga, na anakutaka ukimbie juu yake, uruke, uache mguu mmoja hewani na uukamate kwa mwingine. Yeyote aliyetazama mashindano ya Olimpiki, yale ya Tokyo yaliyofanyika 2021 na ya Paris 2024, ambayo Janja Garnbret wa Slovenia aliondoka na dhahabu katika yote mawili, ameona miguu ikifanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya mikono. Kisigino kinanaswa juu ya kishikio na kuvuta. Mgongo wa vidole unanaswa chini ya umbo ili mwili usibembee. Kwenye paa la ukuta, ncha ya kiatu inashuka nyuma ya kipandio na kukivuta kuelekea kwako.

Kazi hizo zinataka kiatu laini. Kiatu kigumu kwenye umbo kubwa lililolala hugusa kwa mstari mwembamba tu. Kile laini hujilaza na kugusa kwa upana wote wa nusu ya mbele ya wayo. Kiatu kigumu ukikinasa kwa mgongo wa vidole kinateleza, maana mara nyingi mpira wa juu ni kipande kidogo. Viatu kama Scarpa Drago vimefunikwa mpira mpaka juu ya vidole kwa sababu hiyo hiyo. Na mpindo ule wa kuelekea chini, uliokuwa mzigo kwangu kwenye chokaa iliyosimama wima, kwenye ukuta unaokuinamia ndio unaokuzuia miguu isichomoke kila unapojivuta. Kwa hiyo sitaki mtu asome habari yangu ya mwanzo akadhani viatu laini ni vya mapambo. Viko sahihi mahali pake. Mimi ndiye niliyevipeleka pasipo pake.

Ukumbi una adui wake mwingine, nao ni msasa. Rangi yenye mchanga iliyopakwa kwenye mbao hula mpira kimyakimya. Hauli sana unaposimama. Unakula unapoburuta ncha ukutani ukitafuta kipandio, na sote huburuta tukichoka. Mpira huo unaolika hauendi mbali. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzao wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, walipima vumbi na hewa za kumbi za kupanda, wakakuta kwa wingi kemikali zitokanazo na soli, za jamaa ile ile inayotiwa kwenye matairi ya magari. Tangu niisome habari hiyo naweka mguu kwa macho, nautazama mpaka utulie, na ukumbi wenye madirisha yaliyofunguliwa naupenda zaidi ya ule uliojifungia. Viatu vyangu navyo vinadumu.

Watu wengi hushauri kwamba viatu vizuri viwekwe kwa ajili ya mwamba na vilivyochakaa vitumike ndani. Kwa mfuko ushauri huo una maana, lakini mimi siupendi, hasa kwa anayejifunza. Ncha iliyokwisha kuwa duara inakufundisha kuweka mguu hovyo. Ukizoea kutumbukiza nusu ya wayo kwenye kila kipandio kwa sababu ncha haisimami, siku ya jiwe mguu wako utatafuta kipandio kikubwa ambacho hakipo. Heri kiatu cha bei ya chini chenye ncha nzima kuliko kiatu cha kifahari kilichokwisha.

Nje ni neno pana mno, na hapa ndipo ushauri wa "kigumu kwa mwamba" unapovunjika. Majabali ya mchanga ya Fontainebleau yana vilele vya mviringo na miteremko isiyo na ukingo wowote. Huko kiatu laini ndicho chenye akili, na mwenye kiatu cha ubao anaweza kuteleza akitazamwa na watoto wanaopanda kando yake. Graniti iliyolala nayo inataka mpira unaobandikika na wayo unaolegea kidogo. Geuka upande wa pili wa graniti hiyo hiyo ukute ufa unaopanda mita mia: pale vidole vilivyokunjwa ndani ya kiatu kilichopinda vitaumia kila unapouchomeka mguu na kuuzungusha. Ufa unataka vidole vilivyonyooka, kiatu bapa na kigumu, na kama ni mpana, kiatu kinachofunika kifundo. La Sportiva TC Pro, kilichoundwa pamoja na mpandaji Tommy Caldwell, ni cha jinsi hiyo, na ndicho mpandaji mwenzake Alex Honnold alichovaa tarehe 3 Juni 2017 alipopanda El Capitan, ukuta mkubwa wa graniti wa Yosemite, bila kamba. Ukikiweka mezani kando ya kiatu cha mashindano kinaonekana kama buti la mzee. Lakini njia ile ni karibu mita 900, na mguu ulio kwenye mateso hauwezi kufikiri kwa muda mrefu kiasi hicho.

Chokaa ndiyo ngumu kuisemea. Ikiwa wima, yenye kingo kali, nipe kiatu kigumu. Ikiwa na vitundu vya kuingia kidole kimoja, nataka ncha iliyochongoka inayopenya, hata kama kiatu kimepinda kiasi. Ikiwa pango linaloinama juu ya kichwa, tunarudi kwenye viatu laini vya ukumbini, na havitakuangusha. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nanunua kwa ajili ya nje, nichukue kipi?" namuuliza kwanza jiwe gani, limesimama vipi, na atakaa juu yake kwa dakika tano au kwa saa tano.

Muda huo wa kukaa ndio unaonileta kwenye maumivu, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa bure.

Kuna imani iliyoenea kwamba kiatu kisipouma hakifanyi kazi. Nami niliiamini. Kwa miezi kadhaa nilivaa jozi iliyokuwa namba mbili na nusu chini ya viatu vyangu vya barabarani, nikawa navivua baada ya kila jaribio moja na kukaa nikisugua vidole. Ukucha wa kidole gumba uligeuka mweusi, ukang'oka. Kikazuka kinundu nyuma ya kisigino ambacho mpaka leo nakipapasa. Na wala sikupanda vizuri zaidi. Mguu unaouma unaogopa kukanyaga, na mguu unaoogopa kukanyaga unaurudisha uzito mikononi.

Ninachokitafuta sasa dukani ni hiki: vidole vyote vifike mbele na vikunjike kidogo, maungio yakielekea juu, bila kidole kupanda juu ya mwenzake. Pasiwepo hewa. Hewa kwenye kisigino ni mbaya kuliko kukazwa kwenye vidole, maana siku utakapokinasa kisigino juu ya jiwe na kuvuta, kiatu kitabaki na wewe utatoka. Nasimama kwa ncha kwenye kipandio cha majaribio kwa dakika nzima. Kubanwa sawasawa kila upande nakukubali. Maumivu ya mahali pamoja, pale yanapochoma kama mwiba, siyakubali hata muuzaji aniahidi kwamba yatalainika. Nakwenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyovimba baada ya kupanda. Namba iliyoandikwa naipuuza, kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake, na ndani ya kampuni moja viatu viwili vyenye namba moja vinaweza kutofautiana kabisa.

Ngozi isiyo na kitambaa cha ndani hutanuka, wakati mwingine namba nzima. Kile cha ngozi bandia hutanuka kidogo sana, kwa hiyo kinavyokukaa dukani ndivyo kitakavyokukaa. Namna ya kufunga nayo si urembo. Kamba hukuruhusu kukaza kwa vidole na kulegeza kwenye kifundo, zinafaa kwa siku ndefu. Velkro hufunguka kwa sekunde mbili, na ukumbini, unakovua viatu kila baada ya dakika tano, hilo ni neema. Mtoto ambaye miguu yake bado inakua asivalishwe kiatu cha kubana hata kidogo. Mifupa yake haijamaliza kujipanga, na hakuna njia inayostahili kuiharibu.

Leo nina jozi mbili. Moja ni laini, ya velkro, iliyopinda, na inakaa kwenye mfuko wa ukumbini pamoja na chaki. Nyingine ni ya kamba, bapa zaidi, mpira mgumu, milimita 4. Kama ningelazimika kubaki na moja tu, ningechukua kitu cha katikati: mpindo mdogo, ugumu wa wastani, kinachonikaa bila kuniumiza, na ningekubali kupoteza kidogo pande zote mbili. Kwa mtu anayenunua jozi yake ya pili maishani, hicho cha katikati ndicho ningemshika mkono nikampeleka kwacho, na viatu vikali ningemwambia avisubiri mpaka aweze kunitajia ni kipandio gani hasa kimemshinda na kwa nini.

Mwezi uliopita niliipindua jozi ya kamba mwangani. Chini ya kidole gumba cha kulia mpira ulikuwa umebaki kama karatasi, na kando yake ule ukanda wa mpira unaozunguka ncha ulikuwa unaanza kukwaruzika. Ukanda huo ukitoboka, kazi ya fundi inakuwa kubwa na kiatu hakirudi vilevile. Ukiwahi kabla, anabandua nusu ya mbele ya soli na kubandika mpya, na kalibu ya kiatu inabaki ile ile ambayo mguu wako umeshaizoea. Nilimpelekea siku hiyo hiyo. Aliuliza ninataka mpira gani. Nikamwambia mgumu, wa kusimama kwenye kingo, milimita 4 kama mwanzo, na nikamwonyesha kwa kucha mahali hasa ninaposimamia.